Miguu Mibovu ya Raghad

Raghad binti Mahfoudh alikuwa bado na meno ya utoto alipombeba mbuzi wa Idi kutoka garini mpaka uani, mbuzi akiwa hai na akiwa hataki. Wanaume wa ukoo, waliokuwa wamesimama hapo wakikunja mikono ya kanzu na kujadiliana nani ashike pembe na nani ashike miguu, wakasogea wote kumpisha. Mmoja akajikaza akasema mashallah, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Bibi yake, Bi Kheiria, hakusema mashallah. Alisema, "Mtoto mgonjwa huyu. Usiku kucha anakohoa."

Hakuwahi kukohoa tangu azaliwe.

Ndiyo ada ya Bi Kheiria. Alitoka Unguja msichana, akafika Maskati na masanduku yaliyopotea moja moja, na mzigo uliobaki salama mpaka leo ni woga wa jicho la husuda. Kwake kitu kizuri hakisifiwi, kinatukanwa. Biriani ikitoka vizuri, imeungua. Mtoto akinenepa, amekonda. Kijana akipata kazi ya maana, "kazi gani ile, anashinda anapulizwa na kiyoyozi." Watu wa Sib, mji wao kando ya Maskati, walishamjua. Bi Kheiria akikwambia mtoto fulani hafai kwa lolote, huyo ni wa kwanza darasani. Akikusifu wewe, nenda kapime damu.

Raghad alilelewa na mwanamke huyo. Mama yake yuko Salala na mume mwingine na maisha mengine. Baba yake, Mahfoudh, ni afisa wizarani, mtu mpole ambaye jibu lake kwa kila jambo duniani ni "tutaliangalia." Kwa hiyo mtoto alikua akitukanwa asubuhi na jioni, na akajifunza kutafsiri. Mvivu maana yake hodari. Sura mbaya, mzuri. Hali kitu, amemaliza sahani ya tatu. Alikuwa na hakika kwamba hakuna mtoto Sib nzima anayependwa kuliko yeye, maana hakuna aliyekuwa akitukanwa kiasi kile.

Na kweli walikuwa kitu kimoja. Magoti ya Bi Kheiria yalistaafu kabla yeye mwenyewe hajakubali. Alikuwa na kiti chake cha mbao za msaji sebuleni, na kutoka kwenye kiti hicho alinyanyuliwa na mtu mmoja tu. Mfanyakazi wa nyumbani hakuruhusiwa, mikono yake baridi. Mahfoudh hakuruhusiwa, mikono yake ya karatasi. Raghad aliinama, akampitishia mikono kwapani, akamnyanyua kama anavyonyanyua mto, huku bibi akimwambia njia nzima kwamba hana nguvu, atamwangusha.

Kwa hiyo Mwalimu Veneranda alipomtia tufe mkononi, Raghad hakushangaa uzito. Alishangaa kwamba halisemi.

Veneranda alikuwa mwalimu wa michezo kwenye skuli ya binafsi kule Madinat Sultan Qaboos, ambako Mahfoudh alimpeleka binti yake akalipia kwa kujinyima. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, na watani wake husema meli iliyoleta unyenyekevu kule Bukoba ilipiga honi, ikaona hakuna anayekuja kupokea mzigo, ikageuza. Akiwa na kitu kizuri, Veneranda hukisema. Akiwa hana, husema kinakuja. Alimfundisha Raghad kwamba tufe linakaa shingoni chini ya taya, kwamba nguvu inatoka miguuni, mkono ni wa kumalizia tu, na kwamba ukishalisukuma usitoke ndani ya duara kwa furaha. Raghad alirusha akiwa amevaa mikono mirefu na mtandio uliobanwa nyuma, na katika mwaka mmoja akawa anarusha mpaka wavulana wakaacha kusimama upande ule wa kiwanja.

Binamu yake, Humam, kijana asiyeweza kufungua chupa ya soda bila kuomba msaada, alimwita Winchi. "Winchi limerudi kutoka bandarini," alikuwa akisema kila Ijumaa wakikutana kwa chakula cha mchana. "Binti wa watu anarusha chuma! Nani atakuposa wewe? Labda atoke Sohar na leseni ya mitambo."

"Wewe tulia," Raghad alimjibu. "Nikichoka na chuma nitarusha kitu chepesi, nitaanza na wewe."

Mwaka wa mwisho wa skuli Veneranda alipiga video, akazituma kwenye vyuo vikuu vya Amerika, maana kule, alieleza, mtu husomeshwa bure kwa sababu ya kurusha chuma. Mahfoudh alifikiri ni utapeli. Halafu kocha mmoja akajibu, mwanamke anaitwa Linda, na Veneranda akaja Sib mwenyewe kuleta habari.

"Shikamoo bibi," alisema mlangoni.

"Marahaba," alisema Bi Kheiria, kwa sauti ya kufunga mlango.

"Bibi, mimi nimekuja kuwapa hongera. Huyu mtoto wenu ni hatari!"

"Hatari iko kwenu."

"Hapana bibi, yaani namaanisha ni jembe. Jembe kabisa!"

Bi Kheiria alimgeukia mwanawe. "Mahfoudh, mwalimu huyu unamlipa kwa kazi gani? Mtoto hatari, mtoto jembe. Kesho atakwambia ni shoka."

"Ni sifa, mama. Bara wanasema hivyo."

"Basi aseme mashallah mwisho wake. Watu wote hawa wanasifu bila kufunga." Akamwangalia Veneranda juu hata chini. "Mjukuu wangu hana lolote, mwanangu. Umekuja kwa jua hili bure. Kunywa kahawa wende."

Veneranda alikunywa kahawa na akala halwa, na hakwenda. Alieleza mpaka mwisho. Nafasi ni moja kwa msichana wa tufe. Kocha amependa video. Sasa anataka kuzungumza na familia, uso kwa uso kwenye kioo cha simu, maana binti hajatimiza miaka kumi na minane na kocha huyu ana tabia ya kutaka kujua nyumba anakotoka mtu. "Mkizungumza naye vizuri," alisema, "mtoto amekwenda. Mkizungumza vibaya, basi."

Raghad alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha msaji. Hakuwahi kutaka kitu kwa namna ile. Alikuwa akiyataka yale mashindano, lile duara, na zaidi ya yote alitaka kwenda mahali ambapo mwili wake si kichekesho cha Ijumaa.

Siku ya simu, baada ya sala ya alasiri, ambapo kwa Amerika ni asubuhi, nyumba ilifukizwa udi mpaka ungedhani kocha ataisikia harufu kule alipo. Kioo kiliegemezwa kwenye bakuli la halwa. Mahfoudh alivaa kilemba cha sherehe. Raghad alikaa kulia, Veneranda akabanwa pembeni asikoonekana, na katikati, kwenye kiti chake, akakaa Bi Kheiria, ambaye alisoma skuli ya Unguja ya zamani na alikuwa na Kiingereza kilichonyooka kama rula, kizuri kuliko cha mwanawe.

Hilo lilikuwa ndilo kosa. Angekuwa hajui Kiingereza, Mahfoudh angemtafsiria, na Mahfoudh hutafsiri kama anavyoishi: kila kitu huwa cha wastani.

Bi Linda akatokea, nywele fupi, macho ya buluu, meno yote nje. Akasalimia, akauliza swali dogo la kufungulia mazungumzo. "Niambieni, Raghad ni mtoto wa namna gani nyumbani?"

"Hana maana," alisema Bi Kheiria.

Bi Linda akacheka. Alidhani amepata bibi mcheshi.

"Mvivu," Bi Kheiria aliendelea. "Analala mpaka jua limchome. Hali. Hana nguvu hata ya kukamua nguo. Tumemzungusha kwa waganga."

Raghad aliziona zile sifa zikipita mbele yake, moja baada ya nyingine, akazitafsiri kimoyomoyo kama alivyozoea, akaona fahari kidogo. Kisha akautazama uso wa Bi Linda, akaona kwamba upande ule hakuna anayetafsiri.

"Na miguu yake mibovu," alisema bibi.

Meno ya Bi Linda yakaingia ndani. "Mguu gani?"

"Wa kulia." Bi Kheiria akafikiri kidogo, akaona labda kinga ya mguu mmoja haitoshi kwa macho ya rangi ile. "Na wa kushoto nao si wa kutegemea."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Veneranda akajitupa mbele ya kioo. "Si kweli! Kocha, si kweli hata kidogo! Ni mila, wanaogopa kusifu, miguu ya mtoto mizima!"

Kocha akamtazama huyo mwanamke aliyeibuka kutoka pembeni kama mtu aliyekuwa amefichwa, na kwa kweli alikuwa amefichwa. Halafu akamuuliza Mahfoudh, polepole: "Wewe ndiye baba. Lipi ni kweli?"

Mahfoudh alipangusa uso. Mama yake alikuwa upande mmoja, anapumua. Binti yake upande wa pili, hapumui. "Mama ndiye aliyemlea," alisema mwishowe. "Anamjua kuliko mimi."

Kioo kilipozimika, Veneranda hakungoja hata kiwe cheusi vizuri.

"Bibi, umemmaliza mtoto!"

"N'memkinga. Hukumwona macho yake? Buluu kama chupa ya dawa."

"Macho hayohayo ndiyo yanayotoa nafasi!"

"Nafasi inatolewa na Mungu. Na weye ndo chanzo. Umeingia nyumba ya watu na hatari yako na jembe lako, hujafunga hata sifa moja, leo unanifokea sebuleni kwangu. Mahfoudh! Mtoe mgeni wako."

"Tutaliangalia, mama," alisema Mahfoudh.

"Wewe ndiye hasa," Veneranda alimgeukia, "wewe ndiye ningekurusha wewe." Akachukua mkoba wake akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Bukoba hakuwa na kitu cha kujisifia.

Bi Linda aliandika kesho yake. Kwa adabu, kwa ubaridi. Alikuwa na msichana mwingine, wa Polandi, anayerusha karibu sawa. Aliwahi kupokea mwanafunzi aliyeficha goti bovu, akavunjika msimu wa kwanza, na aliyelaumiwa ni yeye. Raghad akapimwe, sawa, lakini maumivu hayaonekani kwenye picha. Alhamisi atapiga tena, na safari hii anataka watu wa nyumba hiyo wamwambie jambo moja bila kuzunguka: miguu ni mibovu au si mibovu.

Veneranda akampeleka Raghad kwenye zahanati Khuwair ya Kusini. Daktari alimkunja, akamkunjua, akamwambia achuchumae, akasema miguu hii ingefaa kushikilia daraja. Wakatuma. Jibu likaja: ahsante, tutaongea Alhamisi.

Ilibaki kazi ya Mahfoudh. Raghad alimkabili ndani ya gari, kwenye foleni ya kurudi Sib, ambako baba hana pa kukimbilia.

"Baba, Alhamisi utasema miguu mizima?"

"Mwanangu, hilo si jambo dogo. Mama amekwisha sema. Mie nimkadhibishe mama yangu, nimfanye muongo mbele ya mgeni?"

"Si lazima umkadhibishe. Sema amekosea."

"Kukosea na kukadhibishwa mtu na nduguye." Akasogeza gari kidogo. "Nimefikiri njia ya katikati. Tutasema ilikuwa mibovu, sasa imepona."

"Baba. Haijapona. Kwa sababu haijaumwa."

"Ndiyo, najua, lakini kwa namna ya uandishi..."

"Unaniandikia barua ya wizara! Akisikia ilikuwa mibovu amekwenda kwa Mpolandi!"

"Punguza sauti, habibti. Tutaliangalia."

"Ukiliangalia zaidi litaoza," alisema Raghad, akageukia dirishani mpaka nyumbani.

Sala ya magharibi ilikuwa karibu. Bi Kheiria alikuwa anangoja kunyanyuliwa akatie udhu. Raghad alimpitishia mikono kwapani, akamwinua, halafu hakutembea. Alisimama naye hivyohivyo, pua kwa pua.

"Bibi, Alhamisi nyamaza. Sikuombi usifu. Nakuomba unyamaze tu."

"Nyumbani kwangu? Ninyamaze kwa mtoto niliyemfuta kamasi?"

"Umeniambia mvivu miaka yote, nimecheka. Sasa mtu hajui lugha yetu, atakuamini."

"Akiamini, ndiyo salama yako. Jicho halimpati mtu asiye na kitu."

"Na nikikosa nafasi?"

"Utakaa. Kwani hapa pana nini? Chuo kiko hapahapa, barabarani." Bibi alijaribu kushuka, hakushuka. "Na weye ukenda, mie nani ataninyanyua? Baba yako? Ataniweka kwenye faili."

Raghad alimshika vizuri zaidi. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe si jicho."

"Jicho lipo."

"Si jicho, Bibi. Ni kiti."

"N'teremshe."

"Uliposema miguu mibovu ulikuwa unanikinga mimi, au ulikuwa unajiwekea akiba?"

"N'teremshe, mwana mkosa adabu weye!"

Akamteremsha. Alimwongoza mpaka bafuni bila kumtazama, kisha akaenda chumbani akalala kifudifudi. Kilichomuuma kilikuwa zaidi ya ile simu. Utoto wake wote ulikuwa wa kutafsiri, na sasa hakujua tena nini maana ya nini. Mvivu bado ni hodari? Sura mbaya bado ni mzuri? Au pengine kila tusi lilikuwa na mkono wa pili nyuma, umeshika nguo yake asiondoke. Hasira zilimpanda mpaka meno yakamuuma. Alikuwa tayari kumsamehe mtu anayeogopa. Lakini mtu aliyeuchukua woga wake mwenyewe, wa kweli, akautuma dukani umnunulie anachotaka? Kwa huyo Raghad hakuwa na dawa.

Alhamisi wakakaa tena. Udi ulikuwa mdogo safari hii. Veneranda alikuwa kwenye kioo kutoka kwake, kwenye kidirisha kidogo, maana Bi Kheiria alikataa asikanyage tena. Bi Linda hakutoa meno.

"Nimeona karatasi za daktari," alisema. "Sasa nauliza familia. Miguu ya Raghad ina tatizo?"

"N'shasema," alisema Bi Kheiria. "Sina la kuongeza."

"Baba?"

Mahfoudh alikohoa. "Ukweli wa jambo, kwa kuzingatia pande zote, ni kwamba miguu ilikuwa... kwa kipindi fulani... lakini alhamdulillah imepona."

Kwenye kidirisha Veneranda alijifunika uso kwa viganja. Bi Linda akaandika kitu pembeni. Mtu akiandika namna ile, anakata jina. "Nashukuru kwa uwazi wenu," alianza, kwa sauti ya kuaga.

Raghad alisimama. Hakusema kitu, na hilo ndilo ukoo mzima ulilokuja kulishikilia baadaye. Alikwenda mbele ya kiti cha msaji, akachuchumaa, akaingiza mikono chini ya kiti, upande huu na upande huu, akakumbatia mbao na bibi pamoja, akanyanyuka.

Kiti kile kilihitaji wanaume wawili kukihamisha wakati wa kupaka rangi, kikiwa kitupu. Sasa kilikuwa na Bi Kheiria, ambaye uzito wake ni siri ya familia.

"N'teremshe! Mahfoudh! Mwanao ananiua! N'teremshe weye shetani!"

Raghad akashuka mpaka chini, mapaja yamekaa sawa kama benchi, akapanda tena. Kioo kilikuwa upande wake, kwa hiyo Amerika iliona vizuri: magoti yakikunjuka polepole bila kutetemeka, na juu yake ajuza aliyeshika mikono ya kiti, mtandio umemvuka, nywele nyeupe nje, akitukana kwa Kiswahili, Kiarabu, na Kiingereza cha Unguja. Raghad akashuka tena. Akapanda. Halafu akamweka chini, taratibu kuliko mtu anavyotua chungu cha maji ya moto, akaokota mtandio akampa. Bi Kheiria akaunyakua.

Bi Linda alikuwa ameacha kalamu. "Kuna maumivu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Raghad, na pumzi zake ziko palepale.

"Tafadhali usimnyanyue bibi yako tena." Akaisukuma kalamu kando. "Nimeona."

Nafasi ikaja kwa maandishi wiki iliyofuata, na Veneranda akaitangaza Maskati yote kama yeye ndiye aliyenyanyua kiti.

Ijumaa ukoo ulikutana, na hakukuwa na aliyezungumzia Amerika. Walibishana kama kumnyanyua bibi yako mbele ya mgeni ni kumkadhibisha. Mjomba mmoja alisema kukadhibisha ni kwa ulimi, na binti hakufungua kinywa. Shangazi akasema kuna maneno ya mwili, tena ni makali zaidi. Mahfoudh alisema suala lina pande mbili. Humam akasema, "Winchi limefanya kazi yake, mnalishitakia nini? Mlitaka lisome hotuba?" Na Raghad, kwa mara ya kwanza, akamgawia nyama ya sahani yake.

Bi Kheiria hakula nao. Tangu Alhamisi ile alikuwa hasemi na Raghad. Alisema kupitia watu. "Mwambieni huyo bingwa asipige mlango." "Mwambieni huyo wa Amerika chai yake imepoa." Na hakukubali tena kunyanyuliwa naye. Aliichukua ile mikono baridi ya mfanyakazi wa nyumbani, akaivumilia, wakawa wanahangaika wawili hao, wakiguna, wakisukumana na kiti, na Raghad yuko chumba cha pili anasikia kila mguno.

Siku moja mfanyakazi alikwenda dukani na Bi Kheiria akajaribu mwenyewe. Raghad alisikia kishindo. Alipofika mlangoni alimkuta bibi amekaa sakafuni, mguu mmoja chini yake, kanga imepanda, mkono unatafuta kiti na kiti kiko mbali.

"Umeumia?"

Bibi alimtazama kutoka kule chini. "Sijakuita."

Raghad alisogea hatua moja.

"N'mesema sijakuita. Ukinigusa ntapiga ukelele majirani waje."

Na alikuwa anasema kweli, angepiga. Raghad akakaa sakafuni palepale mlangoni, mgongo kwenye fremu, wakatazamana, mikono yake mikubwa imelala mapajani haina kazi. Wakakaa hivyo mpaka gari la Mahfoudh likasikika uani na mikono ya karatasi ikaja kumnyanyua, ikamnyanyua vibaya, ikamuumiza, na hakulalamika hata kidogo. Alilalamika baadaye kwamba wali hauna chumvi.

Siku ya safari mizigo ilikuwa garini na gari linanguruma nje. Majirani walikuja na vyakula ambavyo hakuna ndege ingevikubali. Veneranda alikuja, akasimama nje ya geti kwa sababu bado alikuwa amepigwa marufuku, akawa anatoa maelekezo kwa sauti kupitia ukutani. Raghad aliaga wote, akaingia sebuleni mwisho.

Bi Kheiria alikuwa kwenye kiti. Raghad alisimama mbele yake, hakujua aanze wapi. Kuinama kumbusu mkono kungekuwa karibu mno na kumnyanyua.

"Nakwenda, Bibi."

Bibi akaweka viganja viwili kwenye mikono ya kiti, akajisukuma. Raghad alinyoosha mikono bila kufikiri, na bibi akampiga kofi la vidole. Akajisukuma tena. Alipanda kidogokidogo, akitoa sauti ambazo mtu hapendi watu wazisikie, akashika ukuta, akasimama. Alikuwa mfupi kuliko Raghad alivyokuwa amezoea. Miezi yote hiyo hakumwona akiwa wima.

"Skiza," alisema, na hakuna aliyekuwa katikati wa kupitishia maneno. "Kuna barafu huko. Kuna ngazi. Kuna hicho chuma chako cha kijinga. Ukivunjika mguu mmoja tu, mmoja, Sib nzima itasema Bi Kheiria alisema kweli. Sitaki. Umesikia? Umeshaniaibisha mbele ya Mzungu, usije ukanifanya mkweli mbele ya majirani."

Raghad alimtazama. Hasira ilikuwa palepale, haikuwa imepungua, ila ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

"Basi ntakuacha muongo, Bibi," alisema.

Nje Mahfoudh alipiga honi, mara moja, kwa adabu. Bi Kheiria alikuwa anatetemeka magoti, jasho limemtoka chini ya mtandio, na hakukaa.

"Toka," alisema. "Ndege haikungoji weye."